Uzinduzi wa Mtambo Unaosoma Mwandiko wa Wananchi

(Maneno ya Ndugu Raymundi Kasubi, Mratibu Mkuu wa Mwandiko wa Kanda, yalivyonakiliwa uwanjani Tabora, mwezi wa Septemba 1975, pamoja na yaliyosemwa na wasikilizaji bila kuombwa.)

Ndugu Mgeni Rasmi, uliyetoka Dar es Salaam kwa gari moshi ukakaa upande wa jua njia nzima bila kunung'unika, Ndugu Katibu, Ndugu anayemkaimu Naibu Katibu, kwa kuwa Naibu Katibu amekwenda msibani Igunga, Ndugu Wajumbe wa Nyumba Kumi Kumi, Mapadri wetu, Wachungaji wetu wa Kimoraviani na Masheikh wetu, wazee mliostaafu reli, wafanyabiashara wetu mkiongozwa na Ndugu Rajnikant wa duka la samani, aliyetuazima kipaza sauti pamoja na kile kitu kikubwa kilichofunikwa turubai ambacho nitakieleza kwa wakati wake, walimu wa kisomo cha watu wazima, wanakisomo, wanakijiji wa Kijiji cha Ujamaa cha Juhudi mliotembea kwa miguu tangu alfajiri, mama zangu, dada zangu, na ninyi mliosimama juu ya ukuta ambao mimi binafsi nimepiga marufuku kusimamwa: shikamooni mnaostahili, na mliobaki hamjambo. Mwangaluka!

(Wananchi: "Mwangaluka!" Mzee mmoja: "Hiyo ya asubuhi, Ndugu. Sasa saa tisa!")

Nimesahihishwa, na masahihisho nimeyapokea, na yataingizwa katika taarifa ya robo mwaka. Uhuru!

(Wananchi: "Na Kazi!")

Ndugu wananchi, Tabora hii si mji wa jana wala juzi. Hapa ndipo misafara ilipokutana, wa Ujiji wakashika njia yao na wa kule ziwa la kaskazini wakashika yao, na babu zetu ndio walioibeba mizigo yote hiyo mabegani, pwani hadi bara na bara hadi pwani, wakiimba. Mkiulizwa ndani ya mizigo mlikuwa na nini, mtasema pembe na nguo na shanga, nami sitawakatalia, lakini fizibiliti stadi iliyofanywa na ofisi yangu kwa muda wa miezi kumi na minne imegundua kwamba mlikuwa pia na barua. Barua! Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba barua asiyoweza kuisoma, akatembea nayo miezi mitatu, akaifikisha bila kukunjika. Leo mjukuu wake amehitimu kisomo, anaandika barua yake mwenyewe, na tatizo tulilo nalo kama taifa limegeuka kichwa chini miguu juu: barua zipo, je, nani atazisoma?

(Sauti: "Wewe!")

Swali hilo, ndugu uliyeko ukutani, ni la kitaalamu na halijibiwi kwa kukurupuka. Zamani mwananchi akiwa na shida alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akasema, tukamwambia rudi kesho, na mambo yalikwenda vizuri sana. Baada ya mafanikio makubwa ya kisomo, ambayo mimi nimeyasimamia nikiwa mstari wa mbele, kila mtu anaandika. Mpaka mwisho wa mwezi uliopita ofisi yangu imepokea barua elfu moja mia moja na kumi na nne. Asilimia thelathini na mbili zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, asilimia arobaini na moja kwa wino, na asilimia ishirini na tisa kwa mkaa, jumla ikiwa asilimia mia moja na mbili, jambo linaloonyesha wazi kwamba lengo tumelivuka. Barua moja ya kutoka kijiji cha Choma imeandikwa juu ya ngozi ya ndama, upande wenye manyoya.

(Kicheko. Sauti: "Alikosa karatasi huyo!")

Na miandiko yenyewe, ndugu zangu, ni ya kila namna. Kuna mtu anaandika herufi a kama kibuyu kilicholala. Kuna mwingine mistari yake inapanda mlima, akifika mwisho wa karatasi inabidi uizungushe kama usukani. Sasa mimi kama kiongozi nilijiuliza: je, karani, ambaye naye ni binadamu, ana macho, ana tumbo, ana wajomba, akipewa barua hizi si atasoma kwanza zile zenye mwandiko mzuri, na za mjomba wake, na kuwaacha nyuma wenye kibuyu? Huo si ubaguzi? Huo si unyonyaji wa mwandiko juu ya mwandiko? Ndipo nilipotoa waraka unaozuia jicho lolote la binadamu kusoma barua ya mwananchi mpaka ipatikane sistimu isiyo na upendeleo. Na leo naweza kutamka kwa fahari, bila kumung'unya maneno, kwamba kwa muda wa miaka miwili kamili hakuna barua hata moja iliyosomwa. Wote sawa!

(Makofi, ambayo yalikatika kabla hayajakolea.)

Pigeni tu, msiogope. Sasa nafika kwenye kiini. Nchi zilizoendelea zina mashine za kiilektroniki zinazoitwa kompyuta, na wataalamu wao wanahangaika usiku na mchana kuzifundisha kuutambua mwandiko wa mkono wa binadamu, na hata kuuandika, lakini hawajafika mbali, kwa sababu wanatumia mabilioni ya fedha badala ya kutumia moyo wa kujitegemea. Sisi tumetumia mbao za mninga. Ndugu Rajnikant, vuta turubai!

(Turubai likavutwa. Likaonekana sanduku la mbao lenye kimo cha kabati la nguo, taa tatu juu, tundu la barua kushoto, tundu la barua kulia, na ubavuni limefungwa dude refu la chuma lenye mkono wa kusukuma. Wananchi: "Haaa!")

Huo ndio Mtambo wa Taifa wa Kutambua na Kuzalisha Mwandiko wa Mkono. Upande huu unameza barua. Juu kuna memori, ndiyo ubongo. Katikati ndipo inapofanyika analisisi. Chini, kama mnavyoona, kuna matundu ya hewa, kwa sababu data ikikaa kwa wingi mahali pamoja hupata joto.

(Ndani ya mtambo: chafya.)

Mmeisikia? Hiyo ni data.

(Mama mmoja mbele, mwenye khanga ya kijani, alisimama: "Baba, samahani. Hilo dude la chuma ubavuni, mbona kama pampu?")

Ahsante kwa swali. Mgeni Rasmi, kwa usiyemfahamu, huyu ni Mama Apolinaria wa Juhudi, mwanakisomo wetu wa mfano, aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na minane, na picha yake iko katika taarifa yangu ukurasa wa saba, nyuma yangu kidogo. Mama, lile si pampu. Lile kitaalamu linaitwa mhimili wa rekognisheni.

(Mama Apolinaria: "Limeandikwa PAMPU YA KISIMA, JUHUDI. Nimesoma mwenyewe." Vicheko ukutani.)

Mnaona matunda ya kisomo hayo! Wapi duniani mama wa umri huu anasoma maandishi ya rangi nyeupe kutoka umbali wa hatua ishirini? Mpigieni makofi akae.

(Makofi. Hakukaa. Mama Apolinaria: "Baba, kisima tulichimba wenyewe, futi hamsini na nne, wanaume chini na sisi tunavuta udongo juu. Maji yapo, tumefunika mbao, tunasubiri pampu. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika kwa mkono wangu. Mwaka umekwisha, na mwingine huu. Maji tunayafuata maili sita, kwenye dimbwi la ng'ombe. Mkwe wangu Tekla huyu hapa ana mimba ya miezi minane na ndoo bado iko kichwani. Barua yangu iko wapi?")

Barua yako, mama, iko mahali salama kabisa. Kila barua iko salama. Na pampu, yaani mhimili, upo hapa kwa manufaa ya taifa zima na si ya kijiji kimoja, kwa maana mtambo usio na mkono wa chuma wananchi wangeuona kama kabati. Tuendelee na ratiba. Mgeni Rasmi, naomba sasa nikuonyeshe kwa vitendo. Tutaanza na barua ya majaribio ya Ndugu Rajnikant, ambayo hakuna mtu anayejua imeandikwa nini, si mimi, si yeye.

(Barua ikaingizwa kushoto. Mratibu akasukuma mkono wa chuma mara tano, ukalia kama fisi. Taa zikawaka. Karatasi ikachomoza kulia.)

Nasoma: "Ndugu Rajnikant, salamu zako za kuipongeza Kamati ya Mwandiko tumezipokea. Nawe pia unapongezwa." Eeh? Umeona wapi hiyo? Mwandiko oyee!

(Wananchi: "Oyee!" Makofi mazito, vigelegele, mtu mmoja akaanguka kutoka ukutani bila kuumia.)

Tena mwutazame mwandiko wenyewe! Huu si mwandiko wa kiwandani. Mtambo huu tumeulisha mwandiko wangu mimi kwa muda wa miaka minne, kila herufi, kila mkia wa y, na saini yangu na ile mistari miwili ya chini. Mgeni Rasmi, wewe una barua zangu nyingi hapo ndani ya mkoba, zile taarifa zilizokufanya unipandishe cheo. Linganisha, tafadhali. Hata mama yangu mzazi hawezi kutofautisha. Na ili pasiwe na wasiwasi hata chembe, natamka mbele yako na mbele ya umati huu kwamba jibu lolote litakalotoka katika tundu lile ni jibu langu, lina nguvu zote za ofisi yangu, halingoji kikao, halingoji muhtasari, halingoji mtu. Linatekelezwa saa ile ile!

(Makofi. Mgeni Rasmi akalinganisha karatasi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mgeni Rasmi: "Ni huo huo. Haya, Ndugu Mratibu, tia barua ya huyu mama.")

Naam? Ya mama? Ratiba, Mgeni Rasmi, inasema sasa ni ngonjera ya akina mama wa...

(Wananchi: "Tia! Tia! Tia!")

Bila shaka. Bila shaka, ndugu zangu, hayo ndiyo nilikuwa nataka kuyasema. Lakini mtambo ni kama mtu, ukiamka tu huwezi kuupa kazi ngumu, na barua ya mama ni ya siku nyingi, wino umepauka, kibuyu kimelala... Nashukuru, Ndugu Katibu, kwa kuipata haraka hivyo jaladani. Naitia. Mnaona naitia. Nasukuma.

(Alisukuma mara tano. Mara kumi. Jasho. Taa hazikuwaka. Ndani ya mtambo ilisikika kalamu ikikwaruza karatasi kwa muda mrefu. Kisha karatasi ikachomoza.)

Nafikiri... nafikiri hii haisomeki vizuri. Ina makovu ya data. Tutaipeleka maabara, kisha wanakijiji mtajulishwa kwa njia ya... Mgeni Rasmi, usijisumbue, ni karatasi tu. Basi, soma.

(Mgeni Rasmi akasoma kwa sauti: "Kwa Mama Apolinaria na wanakijiji wote wa Juhudi. Barua yenu ya tarehe tatu Desemba mwaka juzi imesomwa. Mnachoomba ni haki yenu. Pampu yenu ndiyo hii iliyofungwa ubavuni mwa sanduku hili. Ifungueni, mwondoke nayo leo. Spana iko chini ya meza ya Mratibu. Ni mimi, R. Kasubi, Mratibu Mkuu." Vigelegele. Watu kumi wakaenda chini ya meza.)

Simameni! Ndugu wananchi, simameni mlipo! Hiyo ni hitilafu! Mtambo umepata homa! Mgeni Rasmi, naomba ieleweke kwamba karatasi hiyo haina uhusiano wowote na ofisi yangu!

(Mgeni Rasmi: "Lakini mwandiko ni wako. Na saini. Na mistari miwili ya chini.")

Ni mtambo umeiga!

(Mgeni Rasmi: "Nawe umetamka likitoka linatekelezwa.")

Nilitamka. Ndiyo, nilitamka, sikatai, watu wote wamesikia mpaka wale wa ukutani. Sasa sikilizeni, ndugu zangu, maana mmenibana mahali ambapo kiongozi hana budi kusema ukweli, hata kama hakuuandaa. Mtambo haupo. Sanduku lile ni kabati la Ndugu Rajnikant, lina mlango nyuma, kesho anamuuzia mtu. Hakuna memori, hakuna analisisi, hakuna kompyuta Tabora wala Urambo wala popote ninapopajua. Hakuna kitu! Kwa hiyo ile amri ni batili, kwa sababu mtambo ulioitoa haujawahi kuwepo. Pampu ibaki.

(Mama Apolinaria: "Sawa, baba. Kama mtambo haupo, basi aliyeandika ni wewe. Mwandiko si wako huo?")

Mwandiko... hapana. Yaani mwandiko ni wangu, lakini hii sikuandika mimi.

(Mgeni Rasmi alifungua mkoba, akatoa barua nyingine kumi na kitu: "Ndugu Mratibu, fikiria kabla hujajibu. Kama hii hukuandika wewe, na hizi taarifa zako za miaka minne, zenye mwandiko ule ule, aliziandika nani?")

(Mratibu alilitazama sanduku. Akautazama mkoba. Akakunywa maji ya Ndugu Katibu.)

Ndugu wananchi. Niliandika mimi.

(Wananchi: "Heee!")

Niliandika mwenyewe, jana alasiri, kwa mkono wangu huu, nikiwa nimeguswa sana na shida ya wanakijiji wa Juhudi, hususani huyu binti yetu Tekla, ambaye hata ndoo yake naiona pale. Huo ndio mpango wangu tangu mwanzo, na hayo mengine yote, sanduku, taa, chafya, yalikuwa ni mbinu ya kuwakusanya ili niwakabidhi pampu yenu hadharani, kwa kishindo, kama ilivyo desturi yangu ya uongozi. Mnaweza kufungua. Taratibu kwenye nati ya juu, imeshika kutu. Na ningependa wapiga picha...

(Pampu ikatoka. Kumbe ndiyo iliyokuwa inashikilia ubavu wa kabati. Ubao ukaanguka chini. Ndani alionekana mwanamke wa makamo, ameketi juu ya kigoda, kalamu mkononi, kijasho kikimtoka, na barua zimejaa mpaka magotini, kila moja imebanwa karatasi ya jibu.)

Huyu... huyu ni Ndugu Leonia, karani wangu. Yumo humo kwa ajili ya... kwa ajili ya ulinzi.

(Mama Apolinaria aliinama mbele ya sanduku. Mama Apolinaria: "Mwanangu, ndiye wewe uliyesoma barua yangu?" Leonia: "Shikamoo, mama. Ndiye mimi." Mama Apolinaria: "Marahaba. Herufi zangu zilisomeka?" Leonia: "Zilisomeka, mama. Zilisomeka tangu siku ile ile uliyoileta." Mama Apolinaria akalia mbele za watu, wala hakujificha.)

Ndugu wananchi, naomba utulivu, bado niko kwenye kipaza sauti. Mmesikia wenyewe kwamba zilisomeka. Ule waraka wangu wa kuzuia macho ya binadamu, naona, haukumfikia kila mtu ofisini, na suala hilo litaangaliwa. Lakini pia, na hili nalisema kwa moyo mzito kidogo, mimi nilimwona yule mama akiileta barua ile. Ilikuwa mvua. Aliitoa ndani ya khanga, kavu. Nikamwambia aiache mezani.

(Akageuza ukurasa.)

Tuendelee. Kazi mbele!

(Hakuna aliyeitikia. Watu walikuwa wamepanga mstari mbele ya Leonia, kila mmoja akitaja jina lake na kupokea jibu lake. Mwenye ngozi ya ndama alikuwa wa tatu.)

Mwandiko oyee!

(Ndugu Rajnikant peke yake: "Oyee.")

Basi nafika kwenye shukrani. Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye naona anahesabu upya taarifa zangu na kumwonyesha Ndugu Leonia mojawapo. Namshukuru Ndugu Rajnikant kwa kabati, na ubao ulioanguka tutauzungumza. Nawashukuru wataalamu wote wa mtambo, ambao kama mtambo ungekuwepo nao wangekuwepo, na leo ningewataja kwa majina. Namshukuru Ndugu Leonia, aliyezisoma barua elfu moja mia moja na kumi na nne, pamoja na kibuyu na manyoya, kazi ambayo nilisema haiwezekani kwa binadamu, na aliyeniandikia pia hotuba hii tangu neno la kwanza mpaka ukurasa wa mwisho, ambao sikupata nafasi ya kuupitia asubuhi na ndio naufungua sasa mbele yenu. Unasema... ni mfupi. Unasema: "Hapa sema asante, kisha shuka uwasaidie kubeba. Ni nzito, na Juhudi ni mbali."

(Kipaza sauti kikalia kidogo.)

Mwandiko ni wangu, kwa hiyo siwezi kuupinga. Asanteni. Hebu mama, nipishe kidogo, nishike upande huu.